Mwenye ambari haisikii harufu yake: barua kwa mwanangu

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Swaleh,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako imefika, marahaba baba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti la bibi yako limetulia, na duka liko vile ulivyoliacha, ila halud imepanda bei tena na wateja wananinunia mimi, kana kwamba miti ya udi inaota uani kwangu.

Barua yako nimeisoma, na ile sehemu ya mabishano nikairudia. Kwamba mwalimu wa Bayolojia alisema pomboo na nyangumi hawasikii harufu, nawe ukanyanyua mkono ukasema haiwezekani, kwa sababu ambari inatoka kwa nyangumi na mama yako anaiuza Mji wa Kale; darasa zima likacheka. Sasa wataka niamue. Mwalimu ana haki kwa pomboo, na ana haki kwa nyangumi yule wa ambari. Kwa nyangumi wasio na meno, hana. Na wewe, baba, hoja yako ilikuwa mbovu: kutoa harufu si kuisikia. Beberu wa jirani yetu angekuwa bingwa wa manukato.

Nianze na ambari, maana hapo niko nyumbani. Lile donge la kijivu ninalolifunga kwenye kitambaa, ambalo sikuruhusu kulishika ukiwa na mikono ya viazi karai, limetoka tumboni mwa nyangumi mkubwa kuliko wote wenye meno. Chakula chake ni ngisi, na ngisi ana mdomo mgumu usiosagika. Kwa baadhi ya nyangumi hao, wachache tu, midomo ile hukwama matumboni, mwili ukaizungushia kitu cha mafuta, kikakua mpaka kikawa donge. Likitoka bichi ni jeusi, linateleza, linanuka mavi. Wallahi hakuna bibi harusi ambaye angelikubali. Ndipo linapoelea baharini miaka, jua na chumvi na hewa vikalifanyia kazi. Ndani yake mna kitu kiitwacho ambreini ambacho chenyewe hakina harufu. Hewa na jua vikikivunja ndipo vinapozaliwa vile vitu vinavyonukia. Kwa hiyo ile harufu unayoijua haikuwa ndani ya nyangumi. Imepikwa na bahari baada ya mwenyewe kwenda zake.

Biashara hii si ya jana. Al-Masudi, yule msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hizi za Zanji mnamo mwaka 916, aliiandika ambari ya bahari yetu na kuisifu. Na mwaka 2021 wavuvi wa Yemeni walimkuta nyangumi amekufa katika Ghuba ya Aden, wakampasua wakatoa ambari kilo 127, wakaiuza kwa dola milioni 1.5. Wiki ile kila aliyeingia dukani alinionyesha habari hiyo kwenye simu yake, na kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Basi huyo nyangumi mwenyewe hana neva ya kunusia. Hana kile kivimbe cha mbele ya ubongo kinachopokea habari za harufu. Ukimwekea ambari, udi, miski na samaki aliyeoza mbele ya tundu lake la kupumulia, kwake yote ni mamoja. Pomboo ni hivyo hivyo. Hapo mwalimu wako amesema kweli tupu.

Ila mimi nilitaka kujua ilikuwaje. Mjomba wako wa Shimoni ananiletea makala kwenye simu, nami usiku nikishafunga hesabu nasoma, na nikikwama namuuliza. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyoyaokota huko.

Kwanza ujue harufu ni nini. Ni chembe ndogo zinazoruka hewani kutoka kwenye kitu, zikaingia puani, zikakuta seli zenye vipokezi. Kila kipokezi kinatengenezwa na jeni yake, yaani agizo la kurithi lililoandikwa ndani ya seli. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walizigundua jeni hizo kwenye panya, wakakuta ni jamii kubwa mno, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Sisi binadamu tunazo zinazofanya kazi karibu 400. Panya ana zaidi ya 1,000. Bingwa yuko huko huko kwenu Voi, ng'ambo ya ua la umeme: ndovu, anazo karibu 2,000. Hawa ndovu wa Kenya si wa mchezo. Kule Amboseli, utafiti uliotoka mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanatofautisha nguo iliyovaliwa na Mmaasai na iliyovaliwa na Mkamba kwa harufu tu. Wakinusa ile ya Mmaasai wanakimbia, kwa sababu vijana wa Kimaasai huwachoma mikuki. Hakuna aliyevaa nguo ile wakati huo. Nguo peke yake.

Sasa weka ndovu upande mmoja na pomboo upande wa pili. Wote ni mamalia, wote wananyonyesha, wote wana akili. Mmoja ana pua isiyo na mfano na mwingine hana kitu. Ni kwa sababu pomboo alikwenda kuishi mahali ambapo pua ya mamalia haina kazi.

Babu zao waliishi nchi kavu. Miaka kama milioni 50 iliyopita, pale ambapo leo ni Pakistani, kulikuwa na mnyama mwenye miguu minne, kimo cha mbwa mkubwa, akishinda mitoni. Wanasayansi wanamwita Pakicetus. Ukimwona usingemwita nyangumi hata kidogo, lakini mfupa wa sikio lake ni wa kinyangumi. Pua yake ilikuwa mbele ya uso, mahali pa kawaida. Ndugu wa karibu wa ukoo huu aliye hai leo ni kiboko. Baadaye wazao wa wanyama kama huyo Pakicetus wakaingia baharini moja kwa moja. Kule Misri, jangwani, kuna bonde linaitwa Wadi Al-Hitan, bonde la nyangumi, lililojaa mifupa ya nyangumi wa kale ambao bado walikuwa na vijiguu vya nyuma visivyofaa kutembelea. Tangu mwaka 2005 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Na kadiri mifupa inavyosogea karibu na zama zetu, matundu ya pua yanapanda kutoka ncha ya mdomo kuelekea utosini.

Hata Kenya tuna wetu, na hili sidhani mwalimu amewaambia. Mwaka 1964 kule Loperot, Turkana, ilipatikana mifupa ya nyangumi mwenye meno aliyeishi miaka milioni 17 iliyopita. Turkana, Swaleh! Leo mahali pale ni zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini. Inaaminika aliingia mto mkubwa, akapanda nao, akafia bara, wakati nchi ile bado ilikuwa tambarare karibu na usawa wa bahari. Kisha mifupa yenyewe ikapelekwa Marekani, ikapotea kabatini zaidi ya miaka thelathini, ikaja kuonekana tena 2011. Nyangumi aliyepotea mara mbili. Haya, nimetoka nje ya njia, narudi.

Utaniuliza, na ndivyo nilivyomuuliza mjomba wako: kwani majini hakuna harufu? Mbona papa anasikia damu? Papa na samaki wana pua zisizohusiana na pumzi. Maji yanapita kwenye vitundu vyao na vipokezi vinasoma yaliyomo ndani ya maji, wakati mashavu ya kupumulia yako kando yanafanya kazi yake. Pua ya mamalia imefungwa kwenye njia moja na mapafu. Kunusa kwetu ni kuvuta hewa. Mnyama wa mapafu akizama lazima azibe pua, na akiziba amefunga duka. Atavuta hewa akiibuka, mara moja, kwa haraka, halafu anarudi chini ambako ndiko kwenye chakula, adui na mke. Hewa ya juu ya maji itamwambia nini kuhusu ngisi aliye chini mita elfu moja?

Kuna vijinyama wachache waliopata ujanja. Mwaka 2006 Ken Catania, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba fuko mmoja wa huko mwenye pua iliyochanua mithili ya ua hutoa kiputo cha hewa chini ya maji kikagusa kitu, halafu anakivuta tena puani na harufu imo ndani. Mimi nilicheka peke yangu niliposoma. Lakini huo ni ujanja wa kijinyama kinachopekua matope ya kidimbwi, si wa mnyama wa tani arobaini anayezama kwa saa nzima.

Basi ikawa hivi. Jeni haziharibiki kwa kuwa mnyama hazitumii. Zinaharibika kila siku kwa bahati tu, kwa kila mnyama, herufi moja ikikosewa hapa na nyingine pale wakati wa kunakiliwa. Nchi kavu, mnyama aliyezaliwa na pua mbovu anakufa njaa au analiwa, na kosa lake linazikwa naye. Baharini yule mwenye pua mbovu anakula, anazaa, anazeeka, na kosa linarithiwa. Miaka mamilioni ya hivyo, na hesabu inajumlishwa. Ukizisoma leo jeni za kunusia za pomboo, nyingi mno ni mabaki: zipo, zinatambulika, lakini zimekatika katikati na haziwezi kutengeneza kipokezi. Ni ile milango ya nakshi hapa Mji wa Kale iliyobaki imesimama kwenye magofu. Ukiitazama unajua ilikuwa nyumba ya mtu wa namna gani, ila hakuna wa kukufungulia. Na mtoto wa pomboo akiwa bado tumboni mwa mamake, kile kivimbe cha kunusia huanza kujengwa ubongoni, halafu hufutika kabla hajazaliwa.

Hapa kuna neno ninalolipinga. Kila makala inasema wanyama hawa "wamepoteza" pua, kwa sauti ya rambirambi. Mimi sioni msiba. Tazama walichoifanyia. Pomboo na nyangumi wote wenye meno wanatoa milio yao ndani ya njia ya pua, chini kidogo ya tundu la utosini. Kuna midomo miwili midogo ya nyama pale. Hewa ikisukumwa inagongana, mlio unatoka, unapita kwenye donge la mafuta lililoko kipajini, unaelekezwa mbele, unagonga samaki na kurudi. Kwa mwangwi huo pomboo anamjua samaki alipo hata gizani na hata maji yakiwa na matope ya masika. Pua imebadilishwa kazi. Yule wa ambari ndiye aliyezidi: kichwa chake ni karibu theluthi moja ya mwili, na karibu chote ni pua. Njia ya kushoto anapumulia, ndiyo maana tundu lake liko upande wa kushoto na pumzi yake inarushwa kwa mshazari. Njia ya kulia ameifanya chombo cha kupigia mlio, na mlio wenyewe ni mkali kuliko wa mnyama mwingine yeyote. Mnyama mwenye pua kubwa kuliko viumbe vyote haisikii harufu hata moja. Mimi, ambaye mkate wangu unategemea pua, naliona hilo kuwa ni dili zuri alilofanya.

Sasa njoo kwa wale ambao mwalimu wako amewakosea: nyangumi wasio na meno. Hawa wana mabamba ya nyuzi kinywani ya kuchujia, wanakula vidudu vidogo, hasa uduvi wa bahari za baridi uitwao krili. Nyangumi nundu wanaopita pwani yetu miezi ya kusi ni wa ukoo huu. Wao wana matundu mawili ya pua utosini. Pomboo ana moja.

Mwaka 2011 Hans Thewissen na wenzake walichapisha uchunguzi wa vichwa vya nyangumi wa bahari ya barafu ya kaskazini, waliovuliwa na wenyeji wa Alaska ambao wana ruhusa ya kuwawinda kwa chakula. Wakapasua kwa uangalifu, wakakuta neva ya kunusia ipo, inapita kwenye mfupa wenye matundu, inafika kwenye kivimbe chake ubongoni. Kivimbe hicho ni asilimia 0.13 ya uzito wa ubongo wake. Kwetu binadamu ni asilimia 0.008. Na karibu nusu ya jeni zake za kunusia zinaonekana nzima. Huyu anasikia harufu, hakuna ubishi.

Anaisikia ya nini? Hewa ya juu ya maji haina habari za ngisi wa kilindini, lakini ina habari za krili. Vimea vidogo vya baharini vikitafunwa hutoa gesi yenye salfa, inayoitwa dimethili salfaidi. Unaijua bila kujua jina: ile harufu ya bahari yenyewe. Ndege wa baharini wa kusini wanaifuata gesi hiyo kutoka mbali ili kufika penye chakula. Hilo lilithibitishwa tangu miaka ya 1990. Nyangumi mchujaji anahitaji kundi kubwa la krili lililokusanyika, si kimoja kimoja, na makundi hayo yametawanyika katika bahari pana isiyo na alama. Mwangwi hana. Kuvuta pumzi kwa matundu mawili na kujua chakula kiko upande gani wa upepo kunamlipa, ndiyo maana hakuiacha pua. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha nundu wakivutwa na harufu ya krili iliyowekwa juu ya maji.

Lakini hata pua yake si nzima, na hapa ndipo panaponinogea kuliko pote. Kivimbe cha kunusia cha mamalia kina sehemu za ndani. Sehemu ya juu inashughulika na harufu za kuogopesha na kuchukiza: adui, chakula kilichooza. Wajapani waliwahi kutengeneza panya ambao sehemu hiyo haifanyi kazi. Panya hao walikuwa wanasikia harufu ya paka vizuri tu, lakini hawakumwogopa, wakamsogelea. Nyangumi mchujaji hana sehemu hiyo ya juu. Kwa hiyo huenda anasikia harufu ya chakula, na hana harufu inayomtia hofu. Unaona sasa kwa nini nakataa lile neno "kupoteza"? Pua si kitu kimoja kinachokuwepo au kutokuwepo. Ina vyumba, na kila ukoo umefunga chumba chake kwa sababu zake.

Sili na simba-bahari nitawapitia upesi. Hawa wanawinda majini lakini wanazaa na kulala nchi kavu, na pua zao bado zinafanya kazi. Sili wameonekana kuisikia ile gesi ya krili ikiwa kidogo sana hewani. Na simba-bahari wa Australia, mama akirudi kutoka kuvua na ufuo umejaa watoto wanaolia, anamjua wake kwa kumnusa. Hilo halikunishangaza. Wewe ulipozaliwa pale hospitali wangeniletea vitoto kumi nimefumba macho ningekutoa.

Nguva ndiye aliyenipa shida. Huyu si wa ukoo wa nyangumi hata kidogo. Ndugu zake ni ndovu na pimbi. Yaani aliyekuwa na pua ya kila kitu na aliyekaribia kuiacha wametoka nyumba moja. Nguva anakula nyasi za baharini, anazaa majini, hapandi ufukoni kamwe. Kivimbe chake cha kunusia kipo lakini kimepungua, na anategemea zaidi nywele ngumu za mdomoni kupapasia malisho. Siku hizi kumwona nguva Kenya ni nadra. Bibi yako anasema zamani wavuvi wa Lamu wakiwazungumza hawa ilikuwa jambo la kawaida, siyo kisa.

Imebaki ladha. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kwamba nyangumi na pomboo, wenye meno na wasio na meno, jeni zao za ladha zimevunjika karibu zote: utamu, ukali wa ndimu, uchungu, na ile ladha ya supu ya nyama. Imebaki ya chumvi. Sababu zinazotajwa ni kwamba wanameza mzima mzima bila kutafuna, na chumvi ya bahari inafunika mengine. Uchungu ndio unaonitia wasiwasi, kwa kuwa uchungu ni onyo la sumu. Mnyama asiyeuonja hawezi kutema mafuta ya meli wala samaki aliyekula vimea vya sumu. Sisi tunaoishi kando ya bandari ya Kilindini tunajua majini humwagwa nini.

Lakini jeni hazijasema yote. Katika miaka ya 1980 pomboo waliofunzwa waliweza kutambua maji yaliyotiwa vitu vichungu na vikali, ilhali vipokezi vyake leo tunaambiwa vimekufa. Na mwaka 2022 Jason Bruck, Vincent Janik na mwenzao walichapisha jambo la ajabu zaidi. Kila pomboo ana mluzi wake anaojitambulisha nao. Watafiti waliwamwagia pomboo wa kufugwa mkojo wa pomboo wanaowajua na wasiowajua. Wale wakapita na midomo wazi wakiuonja, na wa rafiki wakaukalia muda mrefu zaidi. Kisha wakapigiwa mluzi kwenye spika chini ya maji: mluzi ukiwa wa mwenye mkojo ule, wanakaa karibu na spika kwa muda mrefu kuliko ukiwa wa mwingine. Yaani wanajua ladha hii ni ya fulani na sauti hii ni ya fulani huyo huyo. Beberu anapopandisha mdomo wa juu baada ya kunusa mkojo wa jike anatumia kiungo cha Jacobson, kilicho kwenye kaakaa. Pomboo hana, na sisi binadamu chetu hakifanyi kazi. Pomboo anautumia ulimi. Kwa vipokezi gani? Watafiti wanadhani ni vya mafuta yaliyomo mkojoni. Hilo ndilo swali la kumpelekea mwalimu wako, na ulipeleke kwa adabu, baada ya kipindi, si mbele ya darasa. Amekufundisha vizuri, amezidisha jumla tu.

Na wewe ukikua ukasomea mambo haya, chuo cha utafiti wa bahari kiko hapa hapa Mkomani. Hutahitaji kwenda mbali kunitia presha.

Nimekutumia kwa gari la asubuhi sabuni, mafuta ya nazi, soksi, na mahamri ya bibi yako ambayo ni ya kugawa, siyo ya kufungia sandukuni. Likizo ya Agosti mjomba wako amekuwekea nafasi chomboni waende hadi Kisite, maana nundu huwa wamefika. Pomboo utawaona bila shida. Nundu wakiibuka karibu, hesabu matundu. Na ukae upande wa juu wa upepo: mjomba anasema pumzi ya nundu inanuka vibaya kuliko soko la samaki saa kumi jioni, na shati lako jeupe la Idi usilivae siku hiyo.

Mama yako